Picha Inapopewa Mahali

Ukiifungua picha ya rada ya pwani yetu kama ilivyoshuka kutoka angani, kabla mkono wa mtu haujaigusa, Watamu huikuti pale ulipoizoea. Ikiwa setilaiti ilikuwa ikipita kutoka kusini kwenda kaskazini, mstari wa kwanza ulioandikwa ni wa kusini, kwa hiyo Kilifi iko juu na Malindi iko chini. Ikiwa ilikuwa ikirudi kusini, bahari inakaa mkono wa kushoto na msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kulia. Mashariki na magharibi zimebadilishana. Hakuna kilichoharibika. Rada imeandika kwa utaratibu wake: mwangwi uliotangulia kufika ndio uliotangulia kuandikwa. Kaskazini haiijui, wala haijui kwamba lile doa jeusi lenye kingo zilizochanikachanika ni hori ya Mida.

Kati ya picha hiyo na ramani ambayo mtu anaweza kwenda nayo hadi Dabaso, kando ya hori hiyo, akasimama topeni na kusema hapa ndipo, kuna kazi. Ofisini huitwa kubadilisha faili, na hutajwa haraka haraka, kwa sentensi moja ndani ya ripoti ya kurasa mia. Nimeifanya kazi hii na nimekaa na wanaoifanya, na kila nikiitazama naona kwamba ni ufundi kamili, wenye adabu zake na maamuzi yake, na kwamba ukifanywa vibaya kila kinachofuata kinavuja. Ni kalafati ya kazi ya ramani. Jahazi husifiwa kwa tanga na kwa mwendo, lakini aliyepiga pamba kwenye nyufa za mbao ndiye aliyelifikisha.

Kwanza nieleze kwa nini tunaihitaji rada. Masika yakishika, Aprili na Mei, picha za kawaida za setilaiti za pwani hii hujaa mawingu, na hizo ndizo wiki ambazo mtu wa Magarini anataka kujua maji ya mto Sabaki yamefika wapi. Mwaka 2018 mto ulipofurika, na tena mvua za El Niño zilipoipiga pwani mwishoni mwa 2023, aliyetegemea picha za mwanga wa jua aliona weupe mtupu. Rada hujiangazia yenyewe. Sentinel-1A, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa tarehe 3 Aprili 2014, hupita kilomita 693 juu yetu na kupeleka chini mawimbi yenye urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, ambayo wingu hayalijali na usiku hayaujali. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo upande wa pili, hayarudi, na mahali pake panakuwa peusi. Majani, matawi, kuta za nyumba na matumbawe yaliyo nchi kavu huyarudisha, kila kimoja kwa kiasi chake. Mabwawa ya chumvi kati ya Gongoni na Marereni, yakiwa na maji na upepo umetulia, huonekana kama mistatili myeusi iliyonyooka kuliko kitu chochote kingine katika eneo hilo. Hata kwenye picha iliyopinduka, ukiyaona hayo umejua uko wapi.

Lakini kujua uko wapi kwa macho ni jambo moja, na faili kujua liko wapi ni jambo lingine.

Picha ya Sentinel-1 haiji kama picha. Huja kama folda yenye jina refu la kuchosha, na ndani yake mna folda nyingine: hapa vipimo, pale maelezo ya njia ya setilaiti, kule majedwali ya kusahihisha nguvu ya mwangwi. Picha za ALOS, setilaiti ya Wajapani iliyofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2011, ambazo kwangu ndizo hazina kubwa zaidi ya rada kwa mtu wa mikoko, huja na mafaili ambayo majina yake yanaanza kwa herufi VOL, LED, IMG na TRL. Muundo huo unaitwa CEOS na una harufu ya enzi za kanda za sumaku. IMG ndiyo yenye namba, mamilioni ya namba, zimepangwa mstari baada ya mstari na kila moja imeandikwa kwa kutanguliza baiti kubwa, kinyume na zinavyosoma kompyuta nyingi za leo. LED ndiyo inayosema namba hizo zina maana gani: setilaiti ilikuwa wapi, ilitazama kwa pembe gani, saa ngapi. Nimeona watu wakihifadhi IMG na kuifuta LED ili kuokoa nafasi kwenye diski, kwa sababu LED ni faili dogo na halina picha ndani yake. Walichobaki nacho ni rundo la namba lisiloweza kwenda popote.

Fundi huanza na namba zenyewe. Namba ya pikseli kama ilivyo haisemi kitu. Inasema tu kwamba mashine ilirekodi kiasi fulani. Kwa ALOS unaizidisha kwa yenyewe, unatafuta logarithi yake, unaizidisha kwa 10, halafu unatoa 83. Hiyo 83 haikuokotwa. Wajapani waliipata kwa kupima mwangwi wa vitu wanavyovijua, na kwa kuipima setilaiti yao tena na tena hadi wakaridhika. Ukishaitoa, mwangwi wa mti wa Mida unaweza kulinganishwa na mwangwi wa mti wa Lamu au wa Borneo, kwa kipimo kimoja cha desibeli. Napenda sana hatua hii. Ni hesabu ya mstari mmoja, mtoto wa sekondari anaiweza, lakini bila hiyo kila picha ni kisiwa.

Kisha kuna chenga. Kila picha ya rada ina chenga nyeusi na nyeupe, kama televisheni za zamani antena ikicheza, kwa sababu ndani ya kila pikseli mna miangwi mingi ya vitu vidogo vidogo inayoongezana na kupunguzana. Kuna vichujio vingi vya kuzilainisha, na kishawishi cha kulainisha ni kikubwa, maana picha laini humpendeza mkubwa wa ofisi. Hapa ndipo naona tofauti ya fundi na mtu mwenye haraka. Mida ina vijito vyembamba vinavyoingia kati ya miti, vingine upana wake ni pikseli mbili tu za mita 10. Kichujio kizito huvimeza. Picha inakuwa nzuri, msitu unakuwa mzima, na njia ambayo ngalawa hupita kila siku haipo tena. Fundi mzuri huchuja kidogo, au huchukua picha za tarehe nyingi na kutafuta wastani wake, ili chenga zife zenyewe na vijito vibaki.

Baada ya hapo ndipo picha inapolazwa juu ya ardhi. Rada hutazama kwa ubavu na hupima umbali kwa muda wa mwangwi, kwa hiyo kitu kilichoinuka kiko karibu nayo zaidi kuliko uwanda ulio chini yake, na kwenye picha huegemea upande ilikokuwa setilaiti. Watamu ni tambarare, na mtu anaweza kufikiri hilo halimhusu. Lakini picha moja ya Sentinel-1 ina upana wa kilomita 250. Inaweza kubeba Watamu na Milima ya Taita kwa pamoja, na kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, husogezwa karibu kilomita 3 kutoka mahali pake. Kukirudisha unahitaji kujua urefu wa ardhi kila mahali, na hilo tulifanyiwa mwezi wa Februari 2000, chombo cha Endeavour kilipozunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena mbili za rada, moja ikiwa kwenye mwisho wa mlingoti wa mita 60. Rada inasahihishwa kwa kazi ya rada nyingine. Programu huchukua kila kipande cha ardhi, huuliza setilaiti ilikuwa wapi ilipokuwa ubavuni mwake, na huenda kuuchukua mwangwi ulio wake. Ndiyo hatua inayoifanya kompyuta ipumue kwa nguvu na mtu aende kunywa chai.

Halafu linakuja swali ambalo kwenye pwani yetu lina uzito wake: mahali kwa kipimo cha nani? Ramani za Idara ya Upimaji ya Kenya, zile za karatasi za kipimo cha 1 kwa 50,000 ambazo bado zimekunjwa kwenye makabati ya ofisi nyingi za kaunti, zimepimwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Setilaiti na simu zetu hutumia msingi mwingine, WGS 84. Ukizichukua namba za ramani moja na kuziweka juu ya nyingine bila kuzigeuza, kila kitu kinahama kwa mita 300 na zaidi. Bara, mita 300 ni shamba la jirani. Watamu ni tofauti ya mtu kuwa ufuoni au kuwa juu ya matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari, ambayo sheria inailinda tangu 1968. Mipaka ya hifadhi, mipaka ya msitu, mipaka ya viwanja vya hoteli: yote hayo yanaweza kusogea kwenye karatasi bila mtu hata mmoja kuhamisha jiwe. Fundi hulitaja jina la msingi alioutumia ndani ya faili lenyewe, si kwenye barua pepe aliyoiambatanisha nalo.

Na sasa faili lenyewe. GeoTIFF ni picha ya kawaida ya TIFF, muundo uliozaliwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mashine za kusoma karatasi, iliyoongezwa vibandiko vichache vya kusema iko wapi duniani. Vibandiko hivyo walivitunga watu wa ramani na wa setilaiti miaka ya 1990, wakiongozwa na Niles Ritter na Mike Ruth, na vimekaa hivyo hadi leo kwa sababu ni vichache na vinatosha. Picha ya Mida unaweza kuiweka mahali pake kwa namba sita: 603000, 10, 0, 9636000, 0, -10. Ya kwanza na ya nne ni kona ya juu kushoto, kwa mita: umbali wa kwenda mashariki na wa kwenda kaskazini katika ukanda wa 37 wa kusini, mojawapo ya kanda ambazo dunia imegawanywa kwa ajili ya ramani. Hiyo 9636000 inasema tuko kilomita 364 kusini mwa ikweta, maana upande wetu wa dunia huhesabiwa kwa kuipa ikweta yenyewe namba milioni 10, ili asiwepo mtu wa kusini anayeandika namba hasi. Kumi ni upana wa pikseli. Sufuri mbili zinasema picha haikupinda. Na ile alama ya kutoa kwenye namba ya mwisho inasema kwamba kila ukishuka mstari mmoja unaelekea kusini. Hapo ndipo Malindi inaporudi juu na Kilifi inaporudi chini.

Namba sita. Ukizitazama baada ya kazi yote ile, zinapendeza kwa jinsi zilivyo kavu.

Napenda kusema kwa nini naona jambo hili lina thamani kubwa kuliko usafi wa hesabu. Picha isiyo na mahali haiwezi kubishiwa. Inaweza kuonyeshwa ukutani kwenye semina, ikapendeza, ikatisha, ikaombewa fedha, lakini mtu anayeishi pale hawezi kuipinga kwa sababu hana pa kuishikia. Ikishapewa mahali, kila pikseli imekuwa dai: hapa, kwenye mita hizi 10 kwa 10, pana miti au hapana. Na dai ni kitu ambacho mtu anaweza kukiendea kwa miguu.

Mikoko ya pwani hii imehesabiwa kwa njia nyingi. Zamani ilihesabiwa kwa korija, miti 20 kwa 20, ikiwa imeshakatwa na kupangwa kwa unene wake, fito, pau, boriti, nguzo, ikingoja kusafirishwa kwenda Arabuni na Ghuba, biashara ambayo serikali iliifunga mwaka 1982. Siku hizi huhesabiwa ikiwa bado imesimama. Wanakijiji wa Gazi, kule Kwale, huuza hewa ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, na mnunuzi aliye mbali hulipia hekta, ambayo ni kusema hulipia mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Mahali palipo na malipo panahitaji kipimo ambacho pande zote mbili zinaweza kukikagua. Fundi aliyekosea mita 300 amemhamishia mtu msitu.

Rada nayo ina mipaka yake, na fundi mwaminifu huisema. Mawimbi mafupi ya Sentinel-1 hugonga majani ya juu na kurudi. Habari za chini ya mti hayana. Mawimbi ya ALOS, yenye urefu wa sentimita 23 na zaidi, hupenya majani, yakagonga shina, yakagonga maji au tope, yakarudi. Ndiyo maana yanapendwa na watu wa misitu. Hata hivyo msitu mzito wa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kutoka shinani hadi topeni, huyapoteza mawimbi ndani ya mizizi hiyo, na unaweza kuonekana hafifu kuliko msitu mwepesi ulio karibu nao. Asiyejua ataandika kwamba msitu mkubwa kuliko yote ndio uliopungua. Na mtu akikata boriti moja hapa na nyingine pale, akaacha miti mingine imesimama, pikseli ya mita 10 haioni kitu. Wanaoona ni wanawake wanaokusanya kombe na vijana wa vikundi vya misitu vya Dabaso, wanaopita pale kila siku.

Nimewahi kukaa na mvuvi mmoja mzee karibu na daraja la mbao la Mida, ramani iliyochapishwa imetandazwa juu ya jamvi. Ilikuwa na tarehe mbili za Sentinel-1 zilizowekwa pamoja, na ukingo wa msitu upande wa hori ulikuwa umewekewa rangi nyekundu, kwa maana kwamba kati ya tarehe ile ya kwanza na ya pili mwangwi ulikuwa umepungua. Ramani ilikuwa imeletwa kwake ili aseme kama miti imekatwa. Hakuuliza habari za miti. Aliuliza, "Mwanangu, hizi zilikuwa tarehe ngapi za mwezi?" Nikajua kwamba hataki Januari wala Februari, nikatafuta mwandamo kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa mwezi 22, ya pili mwezi 16. "Basi," akasema, "hii ni maji mafu, na hii ni bamvua. Magharibi ya bamvua hapa pote pana maji. Hivi vichaka vya mbele havionekani hata ukiwa kwenye dau."

Alikuwa sahihi, na hesabu yake inaeleza jambo ambalo vitabu vya rada hulitaja kwa mbali sana. Sentinel-1 hupita kwetu kwa saa zile zile daima, karibu na alfajiri au karibu na magharibi, kwa sababu njia yake imefungwa kwenye jua. Maji ya bahari yamefungwa kwenye mwezi na jua kwa pamoja, na pwani yetu ina kawaida yake: siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hujaa kwenye saa kumi hivi na kukupwa kwenye saa nne, na siku za maji mafu, yaani za maji madogo, ni kinyume. Kwa hiyo setilaiti hiyo ikipita magharibi ya bamvua, maji yameanza kukupwa lakini bado ni mengi, na ikipita magharibi ya maji mafu, yameanza kujaa lakini ni machache. Hori ikiwa imekauka kabisa, saa ya bamvua ambapo ndege wamejaa kwenye tope na watu wanavuka kwa miguu, Sentinel-1 haijawahi kuiona wala haitaiona. ALOS ilipita usiku, saa tano kasoro hivi, kila baada ya siku 46. Hiyo, ikiangukia bamvua, iliikuta hori tupu. Anayechukua picha ya ALOS ya 2008 na picha ya Sentinel-1 ya juzi, akazigeuza zote mbili vizuri, akazipa namba sita sahihi, akatoa moja kwa nyingine, bado anaweza kuwa anapima mwezi.

Mzee yule hakuwahi kuiona folda ya CEOS. Lakini ubishi wake uliwezekana kwa sababu ramani ilikuwa imekaa mahali pake: aliweka kidole kwenye karatasi, akajua kidole kiko wapi, na palipo chini ya kidole alipajua kwa miaka yake yote.

Hapa nitaje deni. Programu ya GDAL, ambayo kwa amri moja husoma miundo zaidi ya mia ya picha na kuiandika kwa muundo unaotaka, ilianzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, na hutolewa bure. QGIS, ambayo vijana wengi wa vyuo vyetu hujifunzia ramani, aliianza Gary Sherman mwaka 2002 akiwa Alaska. Huko huko Alaska, mjini Fairbanks, kituo cha chuo kikuu kinachohifadhi picha nyingi za rada za dunia kilitengeneza MapReady, programu ya bure ya kuyageuza yale mafaili ya CEOS yakawa GeoTIFF bila mtu kuhitaji leseni ya maelfu ya dola. Watu hawa walifanya kazi katika baridi ambayo hatuiwezi, wakitatua tatizo ambalo lilikuwa lao, na mtu wa Watamu mwenye kompyuta ya mkononi na bando la intaneti akapata chombo kile kile alichonacho mtaalamu wa Ulaya. Sijui mfano bora wa ukarimu katika fani hii.

Nasi hatuko mbali na anga kama tunavyodhani. Kaskazini ya Malindi, Ngomeni, Waitaliano walijenga kituo chao cha San Marco miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka kwenye majukwaa yake ya baharini setilaiti ya Wamarekani ya kutafuta miali ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru. Antena za Ngomeni bado zinafuatilia setilaiti, na mikoko ya Ngomeni iko hapo hapo, ubavuni mwa mabwawa ya chumvi. Ningependa kuona darasa la upimaji la chuo cha pwani likiletwa pale asubuhi, liione antena, kisha lishuke kwenye mikoko na faili la rada la mahali hapo hapo. Hatua mia tano zingewafundisha safari nzima ya data.

Kuna jambo moja ambalo linanisumbua katika mtindo wa sasa wa kazi hii. Kila mgeuzo hupoteza kitu. Picha ya rada katika hali yake ya kwanza kabisa ina nguvu ya mwangwi na pia ina hatua ya wimbi, ambayo ndiyo hutumika kupima ardhi iliyozama kwa sentimita. GeoTIFF ya kawaida ya ramani inaiacha hatua hiyo nyuma, na hilo ni sawa, kwa mikoko hatuihitaji. Lakini wengi hupunguza pia namba za desibeli kuwa vivuli 256 vya kijivu ili faili liwe jepesi na liwe zuri kutazama, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuzirudisha. Wengine huacha saa ya picha kwenye jina la folda, folda inabadilishwa jina, saa inapotea. Ni makosa ya haraka, na hayaonekani siku ile. Huonekana miaka 10 baadaye, mtu anapotaka kulinganisha.

Muundo wa GeoTIFF una nafasi ya tarehe na saa, na una nafasi ya maelezo mafupi ya maandishi. Vibandiko hivyo havina gharama. Mamlaka ya Bandari huchapisha kila mwaka majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini, na kutoka Kilindini hadi Watamu tofauti si kubwa. Kinachobaki ni mtu kutafuta, kwa ile dakika ambayo setilaiti ilipita, maji yalikuwa mita ngapi, na kuandika namba hiyo ndani ya faili, pamoja na siku ya mwandamo. Dakika tano za kazi. Katika Ulaya, ambako wengi wa waandishi wa miongozo ya rada hukaa, mikoko haipo, kwa hiyo hakuna mwongozo utakaotukumbusha. Itabidi iwe desturi yetu.

Na wakati wake ndio huu. Tarehe 30 Julai 2025 ilirushwa kutoka India setilaiti ya NISAR, ya Wamarekani na Wahindi, yenye mawimbi marefu ya aina ile ya ALOS, na imekusudiwa kurudi mahali pale pale kila baada ya siku 12, data yake ikitolewa bure. Mtu wa mikoko atapata rada inayopenya majani bila kungoja mwezi na nusu. Mafaili yake huja kwa muundo mwingine tena, HDF5, yenye tabaka ndani ya tabaka, kwa hiyo kazi yote ya kugeuza itaanza upya. Nayo NISAR, kwa kuwa njia yake imefungwa kwenye jua, itapita alfajiri na magharibi. Hori iliyokauka ya bamvua haitaiona. Anayeanza leo kuzigeuza picha zake za Mida na aanze na kibandiko cha maji kwenye faili la kwanza kabisa, kabla ya rangi, kabla ya ramani, ili picha ya mwezi 16 na picha ya mwezi 22 zisiwahi tena kuwekwa pamoja bila aliyeziweka kujua.